Kava la bodi ya pikapu: namna ya kuchagua lisilovuja kwa mvua na chumvi ya Dar

Masika yakianza tu, malalamiko ni yale yale. Kava ni jipya, fundi amelifunga vizuri, lakini saruji imelowa. Au kava "la Hilux" limeletwa, limewekwa juu ya bodi, na upande mmoja vidole viwili vinapita. Mara nyingi kava lenyewe halina ubaya wowote. Mnunuzi ameanza na picha, akaja kwenye bei, na kingo za bodi yake hajawahi kuzipapasa hata siku moja.

Hapa tunageuza mpangilio huo: mzigo kwanza, kingo za bodi pili, mlango wa nyuma tatu. Aina ya kava inakuja baada ya hapo, na bei mwisho kabisa.

Vitu vya kuandaa

Kwa kazi ya kupima:

- Tepu ya chuma ya mita 3 au 5. Ile laini ya fundi cherehani inalegea na kukudanganya.
- Kalamu, daftari na simu ya kupigia picha.
- Tochi ya pembeni, maana utahitaji mikono yote miwili.
- Kadi ya gari, kwa ajili ya mwaka na namba ya chesisi.

Kwa siku ya kufunga na kujaribu:

- Rangi ya kuzuia kutu (red oksaidi inatosha) na brashi ndogo.
- Silikoni ya matumizi ya nje.
- Mpira wa kuziba pengo la mlango wa nyuma wa bodi.
- Bolti na nati za stenlesi, kama zilizokuja na kava ni za chuma cha kawaida.
- Magazeti ya zamani na mpira wa maji. Kama bomba halitoi, ndoo nne zitakutosha.

Hatua ya 1: Andika unachobeba kweli

Andika mizigo ya mwezi mmoja uliopita, na si ile unayoota kuibeba. Anayetoa vifaa vya ujenzi Buguruni kupeleka saiti Madale ana mahitaji yake. Anayebeba samaki kutoka Feri alfajiri ana mengine, na mwenye kompyuta na begi la nguo wikiendi ya Bagamoyo ana yake pia.

Jiulize mambo matatu. Mzigo unapita juu ya kingo za bodi? Ukilowa unaharibika? Ukiibiwa kwenye foleni utaumia kiasi gani?

Swali la kwanza linaondoa nusu ya makava sokoni. Bodi ya dabo kebini nyingi ina kina cha karibu nusu mita. Friji, kabati, viti vya plastiki vilivyopangwa na magunia ya mkaa vyote vinapita juu. Ukibeba vitu hivyo kila wiki, kava bapa gumu litakuwa linashinda limefunguliwa au limeachwa nyumbani, na fedha yako imelala ukutani.

Onyo: Usisafirishe mtungi wa gesi ya kupikia chini ya kava lililofungwa kote. Gesi ile ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inatuama chini kwenye bodi, na cheche moja inatosha. Petroli ya jenereta kwenye madumu nayo ni vivyo hivyo.

Vyakula navyo vinapikika. Kava jeusi lililopigwa na jua la Februari toka Mbagala hadi Tegeta linageuza bodi kuwa tanuri. Nyanya, samaki na dawa za binadamu vinahitaji hewa au barafu, na kava halileti hata kimoja.

*Umefaulu ukiwa na* sentensi moja kwenye daftari, mfano: "Nabeba maboksi na zana, hayapiti kingo, hayatakiwi kulowa, yana thamani."

Hatua ya 2: Pima bodi, usipime jina la gari

Muuzaji atakuambia, "Bosi wangu, hii inaingia Hilux zote." Haiingii. Hilux Vigo iliyoanza 2004 na Hilux Revo iliyoanza 2015 hazina bodi moja. Hata ndani ya Revo kuna bodi zinazoitwa A deck na J deck, na kava la moja halikai kwenye nyingine. Ford Ranger ilibadilika 2011 na tena 2022. Isuzu D-Max ya 2012 si ile ya 2020. Kwa hiyo namba zako ndizo zitakazosema.

Egesha gari mahali tambarare, funga mlango wa nyuma, kisha chukua vipimo hivi kwa sentimita:

1. Urefu wa ndani, kutoka ukuta wa mbele wa bodi hadi mlango wa nyuma uliofungwa, ukipimia juu kwenye kingo na si chini sakafuni. Dabo kebini nyingi huwa karibu na 150, singo kebini hukaribia 230, na zile za kebini moja na nusu huwa katikati.
2. Upana wa ndani kati ya kingo na kingo, sehemu tatu: mbele, katikati, nyuma.
3. Mishazari miwili: kona ya mbele kushoto hadi ya nyuma kulia, kisha kinyume chake.
4. Upana wa kingo zenyewe, yaani ile sehemu bapa ambayo kava litalalia.

Kipimo cha tatu ndicho watu wanachokiruka, nacho ndicho muhimu zaidi kwa gari lililotumika. Mishazari ikitofautiana kwa zaidi ya sentimita moja, bodi imepinda. Huenda iligongwa kabla hujainunua, ikanyooshwa kwa macho, ikapigwa rangi. Kava gumu la kiwandani limekatwa kwa pembe kamili na halitakaa hapo bila kuacha mwanya. Una njia mbili: upeleke bodi ikanyooshwe kwanza, au uchukue kava laini la kushonwa kwa kipimo cha gari lako.

*Umefaulu ikiwa* vipimo vitatu vya upana havipishani kwa zaidi ya nusu sentimita, na mishazari inalingana.

Hatua ya 3: Papasa kingo

Makava mengi ya kisasa ya pikapu hushikwa na vibano vinavyouma kingo kwa chini, upande wa ndani. Ingiza mkono chini ya ukingo wa bodi, tembeza vidole toka mbele hadi nyuma. Unatafuta mdomo wa chuma ulioshuka, wenye nafasi ya kibano kuuma.

Utakutana na mojawapo ya hali hizi.

*Mdomo upo wazi.* Vizuri. Kava la vibano litakaa bila kutoboa kitu.

*Kuna plastiki ya bodi iliyopanda hadi juu ya kingo.* Hii ni ile laina nyeusi inayofunika sakafu na kuta. Kibano kikiuma plastiki badala ya chuma, jua linailainisha, kibano kinalegea, na siku moja kwenye mteremko wa Kimara kava linaanza kupiga makofi. Plastiki itabidi ikatwe vidirisha mahali pa vibano, au ibadilishwe kwa laina inayoishia chini ya kingo, au sakafu ipuliziwe rangi nzito ya kinga.

*Kuna rolbaa.* Yale mabomba ya urembo nyuma ya kebini yamekaa juu ya kingo. Makava mengi bapa hayaelewani nayo. Yapo yaliyotengenezwa kukaa pamoja nayo, lakini lazima uulize kwa jina la rolbaa hiyo na utumie picha. Kama unaipenda kwa sura tu, mimi ningeing'oa.

*Kuna kulabu za kamba.* Pikapu nyingi za kazi zina kulabu kwa nje au chuma cha kufungia kwa ndani. Za nje ni mtaji: zinakuruhusu kutumia turubai. Za ndani zinaweza kuzuia vibano, kwa hiyo pima umbali wake.

Piga picha nne: kila ukingo kwa juu, na kila ukingo kwa chini, mkono wako ukionekana ili muuzaji apate ukubwa. Picha hizi zina thamani kuliko picha ya gari zima lililooshwa.

Hatua ya 4: Kagua mlango wa nyuma

Hapa ndipo maji yanapoingilia, na hapa ndipo mwizi anapoingilia.

Funga mlango wa nyuma wa bodi, washa tochi ndani jioni, mtu asimame nje. Mwanga utaonekana pembeni na chini. Mwanya huo ulitengenezwa hivyo kiwandani, kwa sababu bodi ya pikapu haikukusudiwa kuzuia maji. Kwa hiyo hakuna kava litakalokausha bodi yako peke yake. Lazima uongeze mpira wa kuziba kuzunguka mlango, na mpira huo huwa hauji na kava.

Kisha ufunguo. Pikapu nyingi za zamani zina mlango wa nyuma unaofunguka kwa kuvuta kitasa tu. Mtu ananunua kava gumu la bei kubwa, lina kufuli pande mbili, halafu kijana kwenye foleni anavuta kitasa, mlango unashuka, anachukua begi na kuvuka barabara kabla taa haijawaka kijani. Weka kitasa chenye ufunguo kabla au pamoja na kava. Hili si la kujadili.

*Umefaulu ikiwa* unajua mwanya ulipo, na mlango haufunguki bila ufunguo.

Hatua ya 5: Sasa chagua aina

Turubai la kamba. Lisidharauliwe. Kwa mizigo inayopita kingo, ndilo jibu pekee la gharama nafuu. Ila nunua kitambaa cha PVC cha uzito wa gramu 600 hadi 900 kwa mita ya mraba, kile cha malori, kishonwe na fundi wa maturubai chenye pete za chuma ukingoni. Yale mepesi ya bluu yanakatika kwa jua, na upepo wa barabara ya Bagamoyo unamalizia kazi.

Kava laini la kuviringisha. Kitambaa cha vinaili juu ya mbavu za alumini, unaviringisha hadi kwenye kebini. Ni jepesi, mtu mmoja analifunga, na bodi yote unaipata ukiihitaji. Linaficha mzigo lakini haliulindi: wembe mmoja unalimaliza. Angalia namna linavyoshika pembeni. Vifungo vya kubonyeza hupata kutu mapema ukikaa karibu na bahari. Velkro hujaa vumbi, ila inasafishika kwa mswaki wa nguo.

Kava gumu la kukunja. Vipande vitatu au vinne vya alumini au faiba vyenye bawaba za mpira katikati. Kwa mtu wa Dar anayebeba vya thamani na mara moja moja anabeba kikubwa, hili ndilo ningemshauri kwanza. Linakunjwa kuelekea kebini, na mengi unaweza kuyatoa bila spana nyingi. Udhaifu wake ni zile bawaba: ndizo zinazochakaa na kuanza kudondosha matone. Kabla ya kulipa, hakikisha bawaba za akiba zinapatikana.

Rola. Linajificha ndani ya kasha mbele ya bodi kama shata la duka. Linapendeza na lina kufuli zuri. Lakini kasha hilo linakula sentimita 25 hadi 30 za mbele, na reli zake hazipatani na vumbi. Kama nyumbani kwako ni mitaa ya ndani ya Goba, Chanika au Bunju ambako lami haijafika, jiandae kuosha reli kila wiki. Usizipake grisi: grisi na vumbi vinakuwa msasa. Tumia silikoni ya kupulizia. Kasha pia lina mipira miwili ya kutoa maji, na lazima ishushwe hadi nje ya bodi. Fundi akiiacha inaning'inia ndani, rola litakuwa linakunyweshea mzigo wako lenyewe.

Kifuniko kimoja cha faiba. Kizuri kwa sura, kinaziba vizuri, kinanyanyuka kwa shokapu za gesi. Ni kizito, kukitoa kunahitaji watu wawili, na ukikitoa huna pa kukiweka. Kwa nyumba ya kupanga Sinza yenye maegesho ya kubanana, fikiria mara mbili.

Kanopi. Hili linageuza pikapu kuwa kama stesheni wageni. Ni chaguo la mwenye mizigo mirefu inayohitaji kukaa kavu na kufungwa. La faiba hufika kilo 60 hata zaidi, la chuma la kuchomelea mtaani huzidi hapo, na uzito huo unaukata kwenye mzigo wako. Mambo matatu yasikupite. Kanopi lifungwe kwenye bodi tu, kamwe lisigundishwe kwenye kebini, kwa sababu kebini na bodi zinacheza kila kimoja peke yake juu ya chesisi. Fundi anayeunganisha vyote kwa silikoni ngumu anakutengenezea ufa. Taa ya juu ya breki ikizibwa, kanopi liwe na yake na iunganishwe. Na usiendeshe mlango wa nyuma ukiwa wazi wakati kuna mtu au mnyama ndani: moshi wa ekzosi unavutwa kurudi ndani, na sumu yake haina harufu.

Ukikaa upande wa bahari

Kigamboni, Msasani, Kunduchi, Mbezi Beach: hewa ni chumvi. Alumini ikigusana na chuma tupu huku kuna maji ya chumvi, alumini inaliwa na kuacha unga mweupe. Dawa ni kutenganisha. Weka ukanda wa mpira kati ya reli ya kava na kingo za bodi, tumia bolti za stenlesi zenye washa ya nailoni, na suuza kwa maji yasiyo na chumvi mara moja kwa wiki. Ukivuka na panton kila siku, suuza zaidi.

Hatua ya 6: Dukani au kwa kuagiza

Kariakoo, Ilala na Gerezani utapata vya tayari na mafundi wa kutengeneza. Nenda na gari, usiende na maelezo. Kava likae juu ya bodi kabla fedha haijatoka mfukoni.

Ukiagiza kutoka nje, tuma vipimo na zile picha nne, na udai muuzaji aandike kuwa kava linaendana na bodi ya mwaka na aina yako. Uliza funguo ni ngapi, kama mipira ya akiba inauzwa, na uzito unaoruhusiwa juu ya kava gari likitembea. Uzito unaoruhusiwa juu ya kava gari likiwa limeegeshwa huwa mkubwa zaidi, na wauzaji wanapenda kutaja huo.

La mitumba lina dalili zake. Bonyeza karibu na bawaba: faiba ikilia kama bisikuti, imeachana ndani. Tazama mpira wa pembeni. Ukibonyea na usirudi, umekufa.

Hatua ya 7: Kufunga

Osha kingo kwa sabuni, zikauke kabisa. Kava la vinaili litandazwe juani saa moja kwanza ili mikunjo itoke na kitambaa kikubali kuvutwa.

Weka reli zote mbili bila kukaza. Pima umbali wa reli hadi ukingo mbele na nyuma, sawazisha, ndipo ukaze vibano kidogo kidogo, kulia kisha kushoto. Anayekaza upande mmoja hadi mwisho anasukuma kava lote liende mshazari.

Fundi akitaka kutoboa, muulize kwa nini. Kama hakuna njia nyingine, kila tundu lifutwe vumbi la chuma, lipakwe red oksaidi, likauke, lizungushiwe silikoni, ndipo bolti iingie. Tundu tupu litakuwa limeshaota kutu kabla vuli haijaisha.

*Umefaulu ikiwa* mlango wa nyuma unafungwa bila kusukumwa kwa goti, na kipande cha karatasi kilichobanwa chini ya mpira wa kava kinavutika kwa shida pande zote. Pale kinapochomoka kirahisi, weka alama ya chaki. Hapo patavuja.

Hatua ya 8: Kipimo cha maji

Usisubiri mvua. Tandika magazeti sakafu nzima ya bodi, funga kava na mlango, kisha mwagia maji kwa dakika kumi, ukianzia mbele karibu na kebini, halafu pembeni, nyuma mwisho. Tumia mpira wa kawaida: mashine ya presha ya waosha magari inasukuma maji hata mahali ambapo mvua haifiki.

Fungua taratibu na usome magazeti. Mstari wa unyevu pembeni unaonyesha kibano kilicholegea. Kona ya mbele iliyolowa ni mpira wa ukuta wa mbele haujakutana na wa pembeni. Jaza silikoni kidogo. Kiraka katikati ni bawaba au mshono. Nyuma pakilowa, rudi kwenye mpira wa mlango.

Rudia gari likiwa limeinamia mbele, kisha likiwa limeinamia nyuma. Kava kavu kwenye tambarare linaweza kuvuja ukipanda kilima.

Na chungulia matundu ya kutolea maji kwenye kona za sakafu ya bodi. Yakiziba kwa mchanga, maji machache yanayoingia hayana pa kutokea, na mzigo unaogelea.

*Umefaulu ikiwa* katikati pakavu kabisa na nyuma kuna ukanda mwembamba wa unyevu. Ukanda huo unavumilika. Mizigo ya karatasi na umeme ikae mbele yake, juu ya paleti ya mbao. Dimbwi halivumiliki: rudisha kwa fundi siku hiyo hiyo.

Hatua ya 9: Baada ya wiki moja

Matuta na mashimo hulegeza vibano vipya. Kaza tena baada ya wiki ya kwanza, kisha kila unapobadilisha oili. Mipira ipake silikoni ya kupulizia, si grisi wala mafuta ya taa. Funguo moja ya akiba iache nyumbani, isikae kwenye dashibodi ya gari lile lile.